Dirisha la Dani

Nyumba niliyougulia Gatwekera haikuwa na dirisha. Ilikuwa chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, kuta tatu za udongo zilizopakwa saruji nyembamba, na ukuta wa nyuma wa mabati matupu, kwa sababu chumba hicho kiliongezwa baadaye, baada ya udongo na fedha kwisha. Mlango ulifunguka kwenye ujia mwembamba wenye mtaro wa maji machafu katikati. Watu wawili wakikutana hapo, mmoja hujibana ukutani mwenzake apite. Ukiteremka na ujia huo unafika kijitoni. Ukipanda unafika kwenye reli, na ukishavuka reli uko Olympic, penye matatu na maduka yenye vioo.

Mwenye ploti alikuwa mama mzee wa Kijaluo. Sote wapangaji wake, Wajaluo, Waluhya na Wakamba, tulimwita Dani, yaani nyanya. Aliishi chumba cha mwisho karibu na choo na alijua siku ya kodi ya kila mmoja bila kuandika popote.

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070 Kibera nzima, na karibu 25,000 kati yao walikuwa Gatwekera. Ukizijua kuta zetu utaelewa maana ya hesabu hiyo. Nililala nikimsikia jirani akigeuza chapati. Nilijua mtoto wa chumba cha tatu ameshindwa na jedwali la saba. Nao walijua kwamba nimekohoa tangu saa nane za usiku mpaka adhana ya alfajiri ya Makina, na kwamba usiku wa jana ilikuwa hivyo hivyo. Kikohozi hakifichiki kule.

Kabla ya hapo nilikuwa mwandishi wa jukwaani. Kikundi chetu kilizunguka shule za upili kikiigiza vitabu teule vya mtihani wa kidato cha nne. Wanafunzi walilipa kiingilio kidogo, walimu wakakaa viti vya mbele, nasi tukawaletea riwaya nzima kwa saa mbili. Baada ya miaka mingi ya Utengano na Kifo Kisimani, watahiniwa wa 2013 walikuwa na Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora na Mstahiki Meya ya Timothy Arege, kwa hiyo kazi ilikuwa tele. Mimi ndiye niliyefupisha vitabu na kuviandika upya kwa ajili ya jukwaa, kisha nikavaa koti na kuigiza. Usiku niliandika vyangu. Nilikuwa na daftari nne za Kasuku zilizojaa hadithi fupi, zenye sentensi ndefu za kupanda na kushuka, maana mimi huandika huku nikitamka. Sentensi isiyokaa mdomoni siiachi ikae kwenye karatasi.

Tarehe 4 Machi 2013 nilikuwa kwenye foleni ya kupiga kura Olympic tangu saa kumi na moja alfajiri. Ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya katiba ya 2010, na wa kwanza kwa eneo bunge jipya la Kibra. Mashine za kutambua wapiga kura zilikwama katika vituo vingi nchini, na foleni yetu ilisogea kama konokono. Nilikohoa mle ndani kwa saa nyingi. Watu walinipa nafasi, mwanzoni kwa huruma, baadaye kwa hofu. Kufikia saa nne mbele yangu kulikuwa na uwazi wa hatua tatu na nyuma yangu vivyo hivyo, katika foleni ambayo kila mtu mwingine alikuwa akipumulia kisogo cha mwenzake. Nilipiga kura, nikarudi nyumbani nikiwa na kidole chenye wino na shati lililolowa jasho la baridi.

Siku kumi baadaye, nikiwa ndani ya koti la Meya mbele ya wanafunzi, nilikohoa kwenye leso nikaona damu. Nilimaliza onyesho. Kiongozi wa kikundi alinilipa ya siku ile, akaniambia nipumzike mpaka atakaponipigia simu. Hakupiga.

Nisimlaumu peke yake. Hata mimi nilikuwa nikijidanganya. Duka moja la dawa la mtaani lilikuwa limeniuzia sharubati ya kikohozi mara tatu, na antibayotiki kwa kiasi cha fedha niliyokuwa nayo mfukoni, vidonge vinne leo, vitatu Jumatatu. Kila mara kikohozi kilitulia kidogo, nami nikashukuru. Sasa najua kwamba nilikuwa nikinunua siku za kuchelewa.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa ujia wa tatu, mhudumu wa afya ya jamii. Zilikuwa wiki za Siku ya Kifua Kikuu Duniani, ambayo huadhimishwa tarehe 24 Machi kwa kuwa siku kama hiyo mwaka 1882 Robert Koch alisimama Berlin akatangaza kwamba amekigundua kijidudu chenyewe. Mama huyo alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na daftari lake. Alisimama mlangoni pangu, akaniuliza swali moja tu.

“Umekohoa wiki ngapi?”

Nikahesabu. “Tisa.”

“Vaa viatu, twende.”

Kliniki ya Médecins Sans Frontières ilikuwa mle mle Gatwekera, dakika saba kwa mwendo wa mzima, ishirini kwa mwendo wangu. Hapakuwa na malipo. Nilitoa makohozi, nikapimwa Ukimwi pia kama wanavyopimwa wagonjwa wote wa kifua kikuu. Jibu la kwanza mtaa mzima ulilijua kabla sijafika nyumbani. Jibu la pili lilikuwa langu, na sikuona haja ya kumtangazia mtu ili kuwaridhisha waliokuwa wakinong'ona bombani. Mpaka leo sioni.

Nesi alinipandisha kwenye mizani. Kilo 43. Akaniandikia kadi, akanieleza kwamba kila kidonge kina dawa nne ndani yake, na kwamba idadi hufuata uzito. Mwenye kilo 30 mpaka 39 humeza viwili kwa siku, mwenye 40 mpaka 54 humeza vitatu, na kuanzia 55 ni vinne. Miezi miwili ya dawa nne, kisha minne ya dawa mbili. Nikapewa vitatu.

“Ukinenepa tutakuongeza,” alisema, na nadhani alikuwa akinitia moyo.

Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia. “Nyumba yako ina madirisha mangapi?”

“Haina.”

Hakunikemea. Aliandika kitu kwenye kadi, akamwita mama mhudumu pembeni wakazungumza.

Nilirudi nyumbani nikijua nitafukuzwa. Nilikuwa nimeyaona hayo. Mpangaji wa ploti ya jirani alirudi kutoka hospitali akakuta godoro lake nje na kufuli jipya mlangoni. Basi Dani alipokuja kesho yake asubuhi, akasimama mlangoni bila kuingia, leso ameifunga kifuani, nilianza kukusanya daftari zangu.

“Kijana wangu,” alisema, “huyo mama ameniambia ati hewa.”

“Ndiyo, Dani.”

“Hewa tu? Hawajasema utoke?”

“Hapana, Dani. Wamesema hewa na mwangaza. Na wamesema nikimeza dawa wiki mbili hivi, hatari ya kuambukiza watu inapungua sana.”

Alinitazama kwa muda mrefu. “Hewa ninayo,” alisema. “Sikuinunua.”

Alasiri alirudi na fundi. Fundi alipima ukuta wa mabati kwa mkono, shibiri nne kwa tatu, akatoboa kwa msumari, akakata kwa mkasi wa bati pande tatu. Upande wa juu hakuukata. Alilikunja bati lile nje, akaliegemeza kwenye kijiti, likawa kivuli na kifuniko kwa pamoja, kama vibanda vya mama mboga. Makali ya bati aliyapiga nyundo yakajikunja yasinikate. Dani alimlipa yeye mwenyewe. Kodi haikupanda.

Jua liliingia ndani ya chumba kile kwa mara ya kwanza tangu kijengwe. Lilianguka kwenye godoro, kwenye jiko la mafuta, kwenye rundo la daftari. Niliona vumbi likielea, nikaelewa kwa macho yangu kile nesi alichokuwa amenieleza, kwamba katika chumba kilichofungwa, kinachotoka kifuani mwa mgonjwa hubaki kikielea hewani hivyo hivyo, kikimsubiri mwingine.

Ukuta huo wa nyuma ulielekea njia ya kwenda bombani na chooni, kwa hiyo kila mtu wa ploti yetu na ploti mbili nyingine alipita mbele ya dirisha langu akiwa na mtungi. Watoto walilichungulia siku ya kwanza. Kwa macho yao shimo lenye kifuniko cha bati kilichoegemezwa kijiti ni duka, hakuna jambo jingine.

“Anko, unauza nini?” aliuliza mmoja.

Sikuwa na jibu.

Miezi miwili ya mwanzo sitaki kuirefusha. Nilimeza vidonge alfajiri tumbo likiwa tupu, nikatapika, nikajifunza kutotapika. Mkojo ulitoka rangi ya chungwa na jasho likatia madoa shati jeupe. Viungo viliuma. Ncha za vidole vya mikono na nyayo zikafa ganzi, nesi akaniongezea kidonge kidogo cha vitamini kwa ajili ya neva. Kwa kuwa dawa mojawapo huweza kudhuru macho, kila ziara aliniuliza kama bado ninatofautisha nyekundu na kijani. Hofu hiyo ilinishika kuliko ya kifo. Kila asubuhi nilijipima kwa leso za Dani zilizoanikwa kambani nje ya dirisha. Nyekundu ile pale. Kijani ile. Haya, bado mwandishi.

Lakini sikuwa nikiandika. Nilifungua daftari nikaanza sentensi kwa mtindo wangu wa zamani, nikiitamka polepole, na pumzi ikaniishia kabla sijafika kwenye nukta. Yaani nilikohoa katikati ya neno, kalamu ikaanguka kutoka kwenye vidole visivyoihisi, na nilipoiokota nilikuwa nimesahau sentensi ilikuwa ikienda wapi. Nikajaribu kuandika kimya. Yakatoka maneno ambayo hayakuwa ya mtu yeyote. Mwishoni mwa Mei nilizifunga daftari zote nne kwa kamba ya katani, nikaziweka chini ya godoro, upande wa miguuni.

Nilikuwa nimeamini, kama waandishi wengi wanavyoamini, kwamba ugonjwa humpa mtu utulivu wa kutunga. Miaka baadaye nilisoma habari za George Orwell, ambaye ugonjwa wangu ndio uliomuua mwezi wa Januari 1950. Mwishoni mwa 1947 alilazwa katika hospitali karibu na Glasgow, na madaktari wakamnyang'anya taipureta ili apumzike. Rafiki zake walimsaidia kupata streptomisini kutoka Marekani, dawa mpya wakati huo, lakini mwili wake ukaikataa vibaya, ikabidi iachwe. Hata hivyo alikimaliza kitabu chake, akikichapa mwenyewe huku akiwa mgonjwa. Na nilifuatilia habari za Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeambiwa mwaka 1995 kwamba ana saratani ya tezi dume na amebakiwa na miezi mitatu, akaishi miaka thelathini zaidi, na katika miaka hiyo akatupa Mũrogi wa Kagogo. Nawaheshimu wote wawili. Ila kwangu haikuwa hivyo. Hakuna aliyeninyang'anya kalamu, nami sikuwa na kitabu kilichokuwa kikinisubiri nikimalize. Mimi nilinyamaza tu.

Kuna jambo jingine nililolijua baadaye, na hili ningependa kila mgonjwa wa Afrika Mashariki alijue. Ile miezi sita ya dawa, ambayo dunia nzima iliitumia, ilijaribiwa hapa. Kuanzia mwaka 1970 mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na ya Uingereza yaliwafuatilia wagonjwa waliolazwa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ili kujua kama matibabu yaliyokuwa yakichukua hadi mwaka na nusu yangeweza kufupishwa. Yaliweza. Kila nilipohesabu vidonge vyangu nilikuwa nikihesabu kipimo kilichopatikana kwenye vifua vya watu wetu. Majina yao hayatajwi popote ninapopajua.

Kwenye benchi la kliniki nilizoea kukaa na mzee mmoja, fundi wa viatu. Kibanda chake kilikuwa kando ya reli. Alikuwa mrefu, mkimya, na alikuwa amechelewa kuja kuliko mimi, picha ya kifua chake ilikuwa na mashimo. Alitembea na sindano na uzi wa nailoni mfukoni. Asubuhi moja aliitazama kandambili yangu iliyokatika, akaivua mguuni mwangu bila kuniomba, akaishona tukisubiri kuitwa. Tulizungumza mambo madogo, bei ya omena, na kama Gor Mahia watachukua ligi mwaka huo baada ya miaka kumi na minane ya kungoja. (Walichukua.) Hatukuzungumza ugonjwa.

Katikati ya Juni hakuja siku mbili. Siku ya tatu mkewe alisimama mbele ya dirisha langu.

“Wewe ndiye mwandishi?”

Nilitaka kusema nilikuwa. Nikasema, “Ndiyo, mama.”

“Mzee ameenda. Mwili unatoka mochari Ijumaa tunaupeleka Siaya. Alikuwa anasema kliniki kuna kijana anayeandika. Nataka wasifu wake usomwe.”

Kila mkaazi wa Gatwekera anajua yanayofuata msiba wa Mjaluo. Mtu hazikwi Lang'ata, mtu huzikwa kwao. Basi hutandazwa turubai kando ya njia, picha ya marehemu huwekwa mezani na sahani mbele yake, kipaza sauti hufungwa, na kila jioni wapita njia huchanga mpaka nauli ya jeneza na ya waombolezaji itimie. Wasifu husomwa hapo, na husomwa tena nyumbani kaburini.

Nilivuta daftari kutoka chini ya godoro na kufungua kamba. Yeye alisimama nje, mimi nikakaa ndani kitandani, dirisha katikati yetu. Nikauliza, akajibu. Alizaliwa mwaka wa mvua kubwa za uhuru, ndiyo kusema 1961. Aliacha shule darasa la sita. Aliingia Nairobi akiwa na anwani ya mjomba ambaye alikuwa amehama. Alijifunza ufundi kwa kukaa mbele ya fundi mwingine kutwa nzima, siku nyingi, mpaka yule fundi akachoka kumfukuza. Watoto watano, mmoja aliyetangulia. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, vijana walipong'oa reli, alikusanya viatu vya wateja vyote kwenye gunia akavilalia juu siku tatu, na hali ilipotulia kila mwenye kiatu alikipata.

Niliandika. Kwa kuwa pumzi yangu ilikuwa fupi, sentensi zilikuwa fupi. Nilitamka maneno matano, sita, nikapumua, nikaweka nukta. Aliingia Nairobi mwaka 1979. Hakumkuta mjomba. Alilala kituo cha basi usiku mbili. Sikuwa na nguvu ya kupamba, na nilipomsomea mkewe nikaona kwamba hapakuwa na mahali palipohitaji pambo. Alilia pale kwenye gunia la viatu. Nami nililia, nikakohoa, nikangoja, nikaendelea.

Tukafika mwisho. Wasifu wa kwetu una sentensi yake ya lazima, kwamba marehemu aliaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi. Nilikuwa nimeianza. Kisha nikasimama.

“Mama, niandike nini hapa?”

Alielewa. Alitazama upande wa bombani, ambako wanawake walikuwa kwenye foleni ya maji wakijifanya hawasikii.

“Watu watasema,” alisema.

“Watasema, mama.”

Alinyamaza. Mtungi wa mtu ulijaa ukafurika, na mwenyewe hakufunga bomba.

“Andika TB,” alisema, kwa sauti kubwa kuliko aliyokuwa akitumia. “Andika alichelewa kwenda kupimwa. Pale alikuwa anakaa na watu kutwa, wanamletea viatu. Waende wapimwe.”

Nikaandika hivyo hivyo alivyosema.

Mtoto wake wa kwanza ndiye aliyesoma, Alhamisi jioni, kwenye kipaza sauti. Mimi sikuweza kupanda mpaka kwenye reli. Nilifungua bati kabisa nikasikiliza. Sauti ilishuka juu ya mapaa, ikikatikakatika kwa upepo. Kijana alisoma vizuri kwa sababu kila sentensi ilimpa mahali pa kupumulia, naye alihitaji. Aliposoma ile ya mwisho muziki haukupigwa mara moja kama kawaida. Nilisikia mbwa, na treni ya mizigo mbali. Wiki iliyofuata nesi aliniambia kwamba watu wanne wa vibanda vya kando ya reli walikuja kutoa makohozi, na kila mmoja alitaja wasifu wa fundi. Mmoja wao alikutwa na kifua kikuu.

Katika miaka yote ya kuigiza nilipigiwa makofi mengi, na sijawahi kupata msomaji kama hao wanne.

Baada ya hapo dirisha lilipata kazi yake. Alikuja baba aliyetaka barua ya kumwomba mwalimu mkuu asimfukuze mtoto kwa karo. Alikuja msichana na fomu ya basari ya eneo bunge, pale panapoulizwa mwombaji aeleze hali ya familia kwa ufupi, mistari mitatu tu, na mistari mitatu hiyo tuliifanyia kazi saa nzima. Nikaandika barua kwa chifu, kwa bwana aliyehamia Mombasa asitume kitu, kwa mama mkwe. Niliandika wasifu wa watu wengine watatu mwaka ule. Mtoto yule wa “Anko, unauza nini?” alileta insha ya “Siku Nisiyoisahau.” Nilikataa kumwandikia. Nilimwambia anisimulie kwanza, akanisimulia siku maji yalipoingia nyumbani kwao usiku na mamake akampandisha juu ya kabati, na alipomaliza nikamwambia aende akaandike alichosema, bila kuongeza asubuhi na mapema wala ndege waliokuwa wakiimba. Alinuna, akaenda. Mwalimu alimpa 27 kwa 40. Alirudi kunionyesha kwa hasira, kisha akaketi tukairudia.

Fedha ilikuwa haba kwao kama kwangu, kwa hiyo walilipa kwa walichonacho. Mayai mawili. Sahani ya omena. Uji wa wimbi kwenye kikombe kilichofunikwa. Mwenye kuuza maharagwe alinitumia mkebe kila Jumanne bila kukosa kwa barua moja tu niliyomwandikia. Nesi alikuwa amenisisitizia protini, nami nilikuwa nimemwitikia huku nikijua sina ya kununulia. Sasa zilikuja zenyewe, zikapitishwa dirishani. Julai nilikuwa kilo 48. Agosti 52. Ganzi ilitoka vidoleni polepole, kidole cha shahada mwisho.

Usiku mmoja wa Agosti, taa ya umeme wa kuunganisha ikizimika na kuwaka, redio ya jirani ikiwa kwenye Pamoja FM ya pale pale Kibera, niligundua kwamba nimeandika ukurasa ambao hakuna mtu aliyeuomba. Ulikuwa na mwanamke kwenye foleni ya maji ambaye mtungi wake unafurika na hafungi bomba kwa sababu anasikiliza. Nilitaka kujua anasikiliza nini na anakwenda kumwambia nani. Nilitamka sentensi ya pili. Ilikaa mdomoni. Ilikuwa fupi, kama zile za wasifu. Nilikuwa na pumzi ya kuirefusha sasa, ningeweza, lakini niliiacha ilivyo.

Sijarudi tena kwenye zile sentensi zangu ndefu. Wako waliosoma hadithi zangu za baadaye wakasema nimejifunza kubana maneno kutoka kwa waandishi wa ng'ambo. Nimejifunza kwa mwanamke mmoja wa Siaya, aliyesimama juani dakika arobaini na kunikatalia sentensi ya desturi.

Kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba kuandika ndiko kulikoniponya. Si kweli, na maneno hayo ni hatari kwa mgonjwa. Kilichoniponya ni dawa nne, zilizomezwa kila siku kwa siku zake zote, na bati lililokatwa. Kalamu nilirudishiwa na majirani waliokuja na haja zao dirishani wakanikuta nimelala, wakaniamsha niwafanyie kazi. Mwandishi anayeugua na kungoja mpaka apate hamu anaweza kungoja sana. Mimi hamu ilikuja miezi miwili baada ya kazi.

Dani alikuwa hajui kusoma. Septemba nilimsomea hadithi ya foleni ya maji, amekaa kwenye kigoda nje, mimi ndani. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza yule mwanamke alilipia maji yaliyomwagika au hakulipa. Nilikuwa sijafikiria. Nikaongeza sentensi moja: alilipa.

Kadi yangu ya kliniki ninayo hadi leo. Kwenye mstari wa Septemba 2013 nesi ameandika kilo 55, akakata tatu, akaandika nne. Hadithi ilitimia wiki hiyo hiyo, kurasa kumi na moja.

Ewe unayesoma, ukiwa umekohoa wiki mbili, usinunue sharubati. Nenda ukapimwe. Dawa za kifua kikuu katika hospitali za serikali ya Kenya hazilipiwi. Na ikiwa una nyumba unayopangisha, ikatie dirisha.